Dodoma hakuna bahari: watoto wacheze nini bila simu?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya kazi ya mume wangu, huu ni mwaka wa pili. Tuna watoto wawili, wa kike ana miaka sita na wa kiume mitatu. Mdogo hali mpaka awekewe katuni kwenye simu. Mkubwa akirudi shule anaomba simu kabla hajavua viatu. Kule Dar Jumapili tulikuwa tunawapeleka ufukweni, hapa naona jua, vumbi na upepo tu. Uwanja wetu ni mdogo, mchanga mtupu na mwembe mmoja. Niliwahi kuficha simu, nyumba ikawa vilio siku tatu, nikaitoa. Mimi na dada wa kazi tumeishiwa mbinu. Kuna michezo gani ya nje na ya kutumia mikono, isiyotaka hela nyingi?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kuuliza mapema, wakati watoto bado wadogo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona mama anayesema hana kitu. Mara ya pili nikahesabu: una mchanga, una upepo, una mti wa kivuli, una watoto wawili wanaoweza kucheza pamoja, na una dada ndani ya nyumba. Nimefundisha watoto wa awali hapa Dodoma kwa miaka mingi na vifaa nilivyovitegemea ni hivyohivyo.

Tuanze na zile siku tatu za vilio. Uliiondoa simu ukaacha pengo wazi. Simu nyumbani kwako ina zamu zake, kama mlinzi. Inashika zamu ya chakula, zamu ya saa kumi mtoto anaporudi shule, na nadhani zamu ya magharibi wakati jiko limewaka na kila mtu mzima ana shughuli. Mlinzi hafukuzwi kabla hujapata wa kushika lindo. Kwa hiyo siku mbili tatu usiiguse simu, andika tu inatolewa saa ngapi, nani anaitoa na kwa sababu gani. Kisha ijaze zamu moja, ukishaizoea ujaze ya pili.

Ili ujue unaelekea wapi: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu, kama wako, apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema na kutoka jasho. Muda wa skrini usizidi saa moja, na ukipungua ni bora. Usingizi uwe saa 10 hadi 13, pamoja na wa mchana. Dakika 180 zisikutishe. Hazihitaji kuwa za mfululizo, na kuchota maji kwa kopo, kubeba kuni ndogo na kumfukuza kuku vyote vinahesabika.

Zamu ya chakula ndiyo ngumu, ila ndiyo ningeanza nayo. Mtoto anayelishwa macho yakiwa kwenye katuni hasikii tumbo lake linapomwambia limejaa au bado. Tandika mkeka chini ya huo mwembe, weka sinia moja, mle wote pamoja na wewe mama ukila, na yeye amege tonge mwenyewe. Atamwaga mchuzi na kupaka ugali kwenye goti. Mwache, mkeka unafuliwa. Kabla ya chakula mpe kazi jikoni: apukuchue maharage mabichi, achambue mchicha, akoroge unga mkavu kwenye bakuli. Mtoto akishika chakula kikiwa kibichi, hakiogopi kikiiva. Siku chache za mwanzo atakula kidogo, na mtoto mwenye afya hilo halimdhuru. Ukiona anakataa hata kunywa, au uzito unashuka, mpeleke kliniki.

Sasa tuje kwenye udongo, na hapa nitakaa kidogo, maana katika hili Dodoma inaizidi Dar kwa mbali.

Mchanga wa uwanjani kwako hauumbiki, unafaa kuchorea na kupikia chakula cha kujifanya. Wa kuumbia ni udongo wa kichuguu. Mchwa wamekwisha kuuchambua, una ufinyanzi wa kutosha na hauna mawe mengi. Ukitoka mjini kidogo vichuguu ni vingi. Chagua kilichokufa, kisicho na mchwa wala matundu makubwa, kwa sababu nyoka hupenda kujihifadhi humo, na anayechimba awe mtu mzima. Jaza ndoo moja. Nyumbani utwange, uuchekeche, uuloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji ya juu na kuukanda kama unga wa chapati. Kuupima ni rahisi: viringisha kijiti chenye unene wa kidole, kikunje kiwe bangili. Kikikatika, ongeza maji kidogo na ukande tena. Kikinata mkononi, ongeza mchanga. Uufunge kwa kitambaa kibichi ndani ya ndoo yenye mfuniko, utakaa wiki kadhaa.

Wa miaka mitatu hataumba kitu cha kutambulika. Ataupiga, atautoboa, atauviringisha, atautemea mate. Usimuulize "hiki ni nini?" kila dakika, kwa sababu bado hajaamua, na swali hilo linamfanya aone kama amefeli. Kaa karibu, nawe uumbe chako kimya kimya. Wa miaka sita mfundishe kuumba ng'ombe. Hilo ni jambo la hapahapa. Vijijini Ugogoni watoto wanaochunga wamekuwa wakiumba ng'ombe wa udongo tangu zamani, wenye nundu na pembe, na ukiwaangalia kwa makini utajua yupi ni dume na yupi ni ndama. Mwili uwe mnene kidogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima, usizidi hapo, maana kitu kinene hupasuka. Miguu na pembe zisigandishwe zikiwa kavu. Chora mikwaruzo sehemu zote mbili, paka tope jepesi kama uji, kisha bana. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, vikaushwe kivulini. Jua la Dodoma hukausha nje haraka huku ndani kukiwa bado kubichi, kesho yake ng'ombe hana miguu na mtoto analia.

Ng'ombe wakishakauka ndipo mchezo unapoanza. Wanahitaji zizi, nalo litajengwa kwa vijiti na mabua ya mtama. Wanahitaji lambo la kunywea maji. Siku ya tatu peleka wazo la mnada: mkubwa anauza, mdogo ananunua, hela ni mbegu za ubuyu. Nimeona watoto wa miaka sita wakijumlisha hadi ishirini katika mnada wa namna hiyo, watoto ambao kwenye daftari walikuwa wakikwama kwenye saba. Mchezo mmoja unaweza kudumu wiki nzima. Dada huyo mkubwa ndiye atakayemvuta mdogo wake, wewe utakuwa umeketi karibu unaangalia tu.

Wakitaka kupaka rangi, rangi ipo chini. Udongo mwekundu uliosagwa vizuri, mkaa, majivu, manjano ya jikoni, na maua makavu ya rozela yaliyochemshwa. Changanya na uji mwepesi wa ngano ili zishike. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Chokaa usiwape, inaunguza macho.

Na kwa kuwa tumetaja rangi nyekundu ya udongo, mkubwa wako ana umri wa kuanza kuelewa Kondoa. Kwenye mapango na vivuli vya miamba ya eneo la Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya kwenda Babati, kuna michoro ya wanyama na watu iliyochorwa na watu wa zamani, mingi kwa rangi nyekundu na mingine kwa rangi nyeupe. Maeneo yenye michoro yamepita 150, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Ni safari ya siku nzima, na kuna kupanda kwa miguu, kwa hiyo wa miaka mitatu atabebwa mgongoni. Ripotini ofisini pale Kolo mpewe mwongozaji. Waambie watoto mapema kwamba ukutani hakuguswi wala hakumwagiwi maji. Ila msiende kwanza. Wachore kwanza nyumbani, kwenye jiwe au ubao, kwa udongo na kijiti chao wenyewe. Mtoto aliyehangaika kumchora twiga kwa tope, akifika Kolo anasimama kimya bila kuambiwa.

Upepo unaoulalamikia ni mali. Kuanzia Juni hadi Septemba hivi, anga ikiwa kavu, Dodoma inavuma karibu kila siku, nao ndio msimu wa tiara. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiitumia zamani ilipigwa marufuku Juni 2019, na gazeti linafaa tu. Vijiti viwili vyepesi vya bua au vya ufagio vifungwe msalaba, gazeti ligundishwe kwa uji mzito wa ngano, mkia uwe vipande vya kitenge. Tiara ikizungukazunguka na kuanguka, urefushe mkia. Ikikataa kupanda, mkia ni mzito. Usimpe mtoto jibu hilo, mwache ajaribu mara tano. Mrushie kwenye uwanja ulio mbali na nyaya za umeme na barabara. Mdogo mkatie feni ya karatasi ngumu, itobolewe katikati kwa mwiba na kushikizwa kwenye bua. Atakimbia nayo mpaka achoke, na hizo ndizo dakika zake za jasho.

Jua nalo lina ratiba yake. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni waweke kivulini au ndani, michezo ya kukimbia iwe kabla au baada ya hapo. Hata hivyo jua lenyewe ni somo. Asubuhi wakiwa wanajiandaa, mkubwa asimame mahali alipoweka alama, mdogo achore kivuli chake mchangani kwa kijiti. Warudi saa tano, asimame palepale. Kivuli kimekwenda wapi? Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kwetu, na ikifika saa sita na nusu mchana au kitu kama hicho, mtoke dakika moja mwone jinsi kivuli kinavyokaribia kupotea chini ya miguu. Halafu jioni tega kitendawili: kila niendapo ananifuata. Watakijibu wenyewe.

Kuhusu maji, najua mgao. Beseni moja la maji, vikopo vya ukubwa tofauti na chupa iliyotobolewa matundu vinatosha nusu saa, na maji hayo yaishie kwenye mwembe au kwenye kitalu cha mchicha. Mchicha ni bustani nzuri ya mtoto kwa sababu hauchelewi, ndani ya mwezi unachumwa. Mahindi na karanga ngojeni mvua za Desemba.

Zamu ya saa kumi, mtoto anaporudi shule, ndiyo ningeikabidhi kwa watoto wenzake. Uniwie radhi kwa ninalosema: mageti yetu ya siku hizi yamewafungia watoto upweke ndani. Zungumza na majirani wawili, mkubaliane kwamba kuanzia saa kumi na nusu hadi magharibi mama mmoja au dada mmoja anaketi nje kwa zamu, watoto wa nyumba zote wanacheza mbele yake. Kombolela wote mnaikumbuka: kopo katikati, mmoja analilinda na kutafuta, aliyejificha akiwahi kulipiga teke anawakomboa waliokamatwa. Rede inataka mpira wa matambara na chupa tu, wawili wanarusha huku na huku, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Na kwa msichana wa miaka sita, mdako. Shimo dogo, kokoto kumi na mbili, unarusha moja juu, unakomba zilizo shimoni, unairudisha na kuidaka ile ya juu. Hakuna zoezi la kuandika nililowahi kutoa darasani lililoimarisha vidole na jicho kama mdako. Wa miaka mitatu hawezi hayo yote kwa sheria zake. Apewe kazi ya kubeba chupa au kokoto, ajione yumo.

Sehemu za kwenda zipo. Nyerere Square katikati ya mji inafaa kwa kukimbia jioni, na Chinangali kuna nafasi ya familia. Mkiwa na mtu mwenye shamba la zabibu, ombeni mkawaone wakivuna, kwani hapa zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nendeni, lakini mara moja kwa mwezi inatosha. Kinachomjenga mtoto ni kile cha kila siku.

Magharibi, jiko likiwa limewaka, ni zamu ya sauti. Sufuria kuukuu, makopo, kibuyu chenye mbegu. Mko katika nchi ya Wagogo, watu ambao muziki wao umefika mbali kupitia marehemu Hukwe Zawose, na ambao wanawake wao hupiga muheme, ngoma wanazozibana katikati ya mapaja. Mkipata nafasi ya kuona kikundi cha ngoma, hasa huko Chamwino, waketisheni watoto mbele. Nyumbani mfundishe mmoja kupiga pigo lilelile bila kubadilika, mwingine acheze juu yake. Kisha badilishaneni. Baada ya kula, mkeka nje, hadithi na vitendawili, na anga. Kiangazi anga letu ni safi mno kuliko la pwani. Ikifika Desemba, mawingu yakikubali, waonyeshe kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana ambacho wakulima wa zamani walikitazama kujua majira. Anayeona nyota sita ana macho mazuri.

Sasa hatari, nami hizi nazisema kwa uzito. Ua wa manyara, ile mimea ya kijani isiyo na majani, una utomvu mweupe unaochoma macho vibaya. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na ua huo, mtoto akavunja tawi akajipangusa jicho. Tulimwosha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali. Alipona, lakini sijasahau kilio chake. Mbegu za nyonyo zenye madoadoa, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ni nzuri kwa macho na ni sumu, zisiingie kwenye mchezo. Mdogo asiachiwe karanga nzima, gololi wala mbegu za kumkaba koo mpaka uwe umekaa naye. Mawe yageuzwe kwa kijiti kwanza, nge hukaa chini yake. Makorongo wasicheze humo msimu wa mvua hata kama kwenu hakujanyesha, maji huja ghafla kutoka juu. Na madimbwi na mabwawa wasiogelee, kuna kichocho na kuna kuzama.

Watakapoanza, kuna siku mkubwa atakuja akikuambia hana cha kufanya. Usikimbilie kumtafutia. Mwambie "sawa, kaa hapa nami," uendelee kumenya viazi. Dakika kumi, kumi na tano, atanung'unika, kisha utamwona ameokota kitu. Wazazi wengi hukata tamaa dakika ya nane. Na katika saa hizo simu yako na ya baba iwe ndani, kwenye droo. Hawa watoto wanaangalia mikono yetu.

Jambo la mwisho ni huyo dada. Umesema mmeishiwa mbinu pamoja, lakini je, umewahi kumuuliza alicheza nini alipokuwa mdogo? Mara nyingi wasichana wanaotusaidia nyumbani wamekulia kijijini, wanajua mdako, wanajua magari ya mabua, wanajua hadithi za sungura na fisi ambazo sisi tumezisahau. Wanamwekea mtoto katuni kwa kuwa tumewapa kazi nyingi kuliko mikono waliyo nayo, na kwa kuwa wanaogopa mtoto akichafuka watalaumiwa. Mpunguzie kazi moja ya alasiri, mwambie mbele ya watoto kwamba nguo za kuchezea zikichafuka si kosa lake, kisha Ijumaa usiku lowekeni ule udongo wa kichuguu. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza, toeni ndoo nje, dada awe mwalimu, nawe uketi mkekani pamoja na watoto ujifunze kuumba nundu.